Moko Huandikwa Januari

Kila mwaka, katikati ya mwaka, shule za sekondari nchini Tanzania huingia katika msimu wa moko, mtihani ambao walimu wengine huuita wa utamilifu. Watahiniwa wa kidato cha nne hukalia karatasi zilizotungwa na wilaya, mkoa, kanda au umoja wa shule kadhaa. Madawati hutenganishwa, majibu husahihishwa usiku na mchana, matokeo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kuanzia aliyeongoza hadi aliyeshika mkia, kisha kila mtu husubiri Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa. Mzazi akisikia mwanawe amepata daraja la pili hupumua. Akisikia sifuri hukosa usingizi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: baada ya moko vimebaki vipindi vingapi, na vimetengwa kwa ajili ya kufundisha nini?

Jibu lake limo ndani ya azimio la kazi ambalo mwalimu alilijaza Januari. Kwa asiye mwalimu, azimio la kazi ni jedwali pana linaloonyesha mada za mwaka mzima, wiki ya kila mada, idadi ya vipindi, zana, rejea na namna ya kupima. Humo ndimo mwalimu anamochota andalio la somo la kila kipindi cha dakika 40. Mkuu wa idara hulipitia, mwalimu wa taaluma hulisaini, na mthibiti ubora wa shule akifika hulidai. Maazimio mengi ya kidato cha nne hutandaza mada mpya mpaka Oktoba, kisha mstari wa mwisho husomeka “marudio”. Katika azimio la namna hiyo moko haina pa kwenda. Itaonyesha kwamba darasa zima halijui kutofautisha sababu na matokeo ya jambo, lakini wiki inayofuata mwalimu ana mada mpya ya kumaliza, na kasoro iliyoonekana itasafiri na watoto mpaka kwenye chumba cha mtihani wa taifa.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi katika masomo ya sanaa, yaani Historia, Jiografia, Uraia na fasihi, kuliko katika Hisabati. Aliyekosea hesabu huonyeshwa mstari alipoteleza. Aliyeandika kurasa nne za Historia, kila sentensi ikiwa ya kweli, akapewa alama 4 kati ya 15, hana njia ya kujua kilichopungua asipoambiwa na mtu. Ataamini kwamba hakusoma vya kutosha, atarudi kwenye daftari kukariri zaidi, na mara ya pili ataandika kurasa tano za kweli zenye alama 4.

Wamarekani wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, waliandika kitabu mwaka 1998 kuhusu upangaji wa masomo unaoanzia mwisho: kwanza amua mwanafunzi aweze kufanya nini, pili amua utaona ushahidi gani kwamba anaweza, na mwisho kabisa panga vipindi. Wazo hilo linafaa sana kwenye azimio la kidato cha nne. Tuchukue somo la Historia lenye vipindi vitatu kwa wiki. Mwaka wa shule una takribani siku 194 za masomo, lakini kidato cha nne humaliza mapema, na ukiondoa wiki za majaribio, sikukuu na moko yenyewe unabaki na wiki zipatazo 30, sawa na vipindi 90. Napendekeza 20 kati ya hivyo vikae baada ya moko na viachwe wazi, bila mada, vikisubiri kile ambacho moko itafichua. Moko iwe mwanzoni mwa Julai. Ikisogezwa hadi mwisho wa Agosti na usahihishaji ukavuka Septemba, kinachobaki ni tangazo la matokeo tu.

Najua mwalimu atakayesoma hapa ataguna kwamba muhtasari hautaisha. Muhtasari wa Historia ambao umetumika kwa miaka mingi una mada kuu nne katika kidato cha nne: migogoro katika mfumo wa kibepari, harakati za utaifa na uhuru, mabadiliko ya sera baada ya uhuru, na Afrika katika uhusiano wa kimataifa. Mada hizo hazilazimiki kufundishwa kama visiwa. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 unaweza kufundishwa kwa kufungua upya daftari la kidato cha tatu kwenye uchumi wa kikoloni. Bei ya mkonge iliporomoka, mashamba yakapunguza vibarua, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikamsukuma mkulima mdogo alime zaidi mazao ya kuuza. Mwanafunzi anasoma mada mpya na kurudia ya zamani kwa pumzi moja. Azimio lililopangwa hivi hupata vipindi vya ziada ambavyo kalenda haikutoa.

Kurudia nako kuna namna yake. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari; baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kukiandika kwa kumbukumbu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima walikuwa wamewapita. Kusoma tena humpa mtoto hisia kwamba anajua, na kujipima ndiko kunakofanya jambo likae. Kwa hiyo dakika tano za kwanza za kila kipindi ziwe na maswali matatu ya papo kwa papo, daftari likiwa limefungwa: moja la kipindi kilichopita, moja la muhula uliopita, moja la kidato cha kwanza au cha pili. Mtahiniwa akiwa na miaka 14 hivi alisoma habari za Bonde la Olduvai, na fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Julai 1959. Asipoulizwa tena kwa miaka mitatu, moko itamkuta mikono mitupu, na kosa hilo halitakuwa lake peke yake.

Kuna wanaosema kupanga masomo kwa kuutazama mtihani ni kuidunisha elimu. Hofu hiyo ina asili yenye heshima. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa kwa haraka, huku ikiacha tabia na uwezo wa kufikiri. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe pia. Ninaichukulia hofu ya Mwalimu kuwa hai mpaka leo. Ndiyo maana nasisitiza ubora wa maswali ya moko. Ikiwa vipindi vyote vitafuata mtihani, basi mtihani uwe wa kustahili kufuatwa.

Tazama swali hili, ambalo kwa sura moja au nyingine limo katika moko nyingi: “Eleza sababu sita za Vita vya Majimaji.” Darasa zima lina jibu tayari: kodi, kazi za shuruti, kilimo cha lazima, ukatili wa maakida, kuporwa ardhi, kudharauliwa kwa mila. Sasa chukua insha yoyote iliyojibu swali hilo, futa neno Majimaji, weka vita vya Waherero na Wanama vilivyoanza 1904, au Chimurenga ya 1896. Insha itasimama vilevile. Insha inayoweza kubadilishwa jina la vita bila kuguswa sentensi hata moja haionyeshi kama mwandishi wake anaijua Majimaji. Swali ndilo lililomruhusu.

Linganisha na hili: “Mapambano ya Mkwawa dhidi ya Wajerumani, 1891 hadi 1898, yalikuwa ya Wahehe. Majimaji, 1905 hadi 1907, iliunganisha jamii nyingi za kusini na mashariki. Eleza kwa hoja sita tofauti hiyo ilitokana na nini.” Hoja bado ni sita, maana mtahiniwa lazima azoee umbo atakalokutana nalo Novemba. Lakini sasa kodi peke yake haitoshi. Itabidi aseme kwamba Mkwawa alikuwa na dola yenye jeshi na ngome yake Kalenga, ilhali watu wa Umatumbi na Rufiji hawakuwa na mtawala mmoja. Ataeleza mashamba ya pamba ya pamoja yaliyoanzishwa chini ya Gavana von Götzen kuanzia 1902, ambayo yaliwatia watu wa jamii mbalimbali katika adha ya aina moja. Atamtaja Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwapa watu wasiofahamiana kiapo kimoja. Na mwanafunzi mwenye jicho atauliza kwa nini Wahehe, waliokwisha kuvunjwa 1898, hawakuingia. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa orodha ya kukariri, na wala halihitaji kitabu ambacho shule haina.

Lipo la aina nyingine ambalo ningependa lionekane angalau mara moja katika kila moko. Mpe mtahiniwa vyanzo vinavyogongana umuulize kwa nini vinagongana. Kuhusu vifo vya Majimaji, vingi vikiwa vya njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala, makadirio ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Nani alihesabu, alihesabu nini, na alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita hivyo. Mtoto wa kidato cha nne anayeelewa kwa nini kazi ile ilikuwa muhimu ameelewa Historia ni kazi ya namna gani. Hapo pia mwalimu wa Historia na wa Kiswahili wanaweza kushikana mikono. Wanafunzi wengi hukutana na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, na huandika matukio yake kwenye mtihani wa Historia kama yalivyo, ingawa mwandishi mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Kipindi kimoja cha pamoja kati ya walimu hao wawili kingeondoa mkanganyiko huo.

Maswali ya kuchagua hudharauliwa kwa kuwa ni mepesi kusahihisha, na hutungwa kwa haraka usiku wa mwisho. Nguvu yake imo katika majibu yasiyo sahihi. Ukiuliza ni mkataba upi ulioifanya Uingereza iitawale Zanzibar kama nchi lindwa huku Ujerumani ikikabidhiwa kisiwa cha Heligoland, usiweke Azimio la Arusha miongoni mwa majibu. Hakuna atakayelichagua na nafasi imepotea. Weka mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, yaliyomwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi. Weka Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Weka mkataba wa Hamerton wa 1845 kuhusu biashara ya watumwa. Jibu sahihi ni mkataba wa 1890. Lakini wanafunzi 35 wakichagua 1886, mwalimu amejua kwamba wanafahamu mgawanyo ulikuwapo ila wamechanganya hatua zake, na wakichagua 1845 amejua kwamba wanachanganya mikataba ya watumwa na ya mipaka. Hayo ni magonjwa mawili yenye tiba mbili, na swali moja la alama moja limeyatenganisha.

Baada ya mtihani swali lenyewe nalo lipimwe. Katika darasa la watu 60, chukua 20 waliofanya vizuri zaidi kwa jumla na 20 wa chini kabisa. Ikiwa 16 wa juu walilipata na 6 tu wa chini, toa 6 kwenye 16 kisha gawanya kwa 20: unapata 0.5, swali limewatenganisha vizuri. Ikiwa wa juu walilipata 9 na wa chini 12, jibu ni hasi, na mara nyingi maana yake ni kwamba swali lina utata, au mwongozo wa usahihishaji ndio wenye kosa. Swali la namna hiyo liondolewe kwenye hesabu kabla mtoto hajaadhibiwa kwa ajili yake.

Kuhusu mgawanyo wa alama nitasema kwa kifupi, kwa sababu walimu hufundishwa jambo hili vyuoni. Kabla ya kutunga, andaa jedwali la utahini, lenye mada upande mmoja na viwango vya kufikiri upande mwingine, kuanzia kukumbuka hadi kuchambua na kutathmini, kwa mpangilio ambao Benjamin Bloom na wenzake waliuasisi 1956. Mada iliyochukua vipindi 24 kati ya 120 ipate takribani alama 20 kati ya 100. Bila jedwali hilo mtunzi huangukia mada anazozipenda, na karatasi ya Historia hugeuka kuwa karatasi ya ukoloni peke yake.

Jiografia ina tatizo lake ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni mashine ya kudurufu. Swali la ramani hutumia kipande cha ramani ya kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilometa 1. Katibu muhtasi hukikuta kipande hakiingii kwenye karatasi, hukipunguza hadi asilimia 80, na hakuna anayegundua. Kipimio kilichoandikwa kwa tarakimu kimekwisha kuwa cha uongo, kwa kuwa ramani hiyo sasa ni ya 1:62,500. Barabara iliyokuwa sentimita 8, yaani kilometa 4, imekuwa sentimita 6.4, mtahiniwa anayepima kwa uangalifu na kutumia 1:50,000 anapata kilometa 3.2, na msahihishaji mwenye jibu la kilometa 4 anamkosesha. Mtoto makini ndiye anayeumia. Dawa yake ni rahisi: kila ramani ya mtihani iwe na kipimio cha mstari, ambacho hupungua pamoja na ramani na kubaki sahihi, na mtunzi apime upya nakala iliyochapwa kwa rula yake kabla bahasha hazijafungwa.

Twende kwenye usahihishaji, maana huko ndiko taarifa nyingi hupotea. Shule yenye watahiniwa 120 wa Historia, kila mmoja akiandika insha tatu, ina insha 360. Kwa dakika tano kila moja, ni saa 30 za kusahihisha, nje ya ratiba ya vipindi. Mwalimu anayebeba mzigo huo peke yake, akisoma karatasi za mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, atakuwa mkali asubuhi na mlegevu usiku, na insha nzuri ya kwanza itampendelea mwandishi kwenye ya pili. Katika mtihani wa taifa msahihishaji hupewa swali moja, akalisahihisha kwa watahiniwa wengi. Shule inaweza kuiga hivyo. Walimu wa Historia wa shule mbili jirani wakae pamoja, wasome insha kumi za kwanza kwa pamoja, wabishane mpaka wakubaliane, kisha wagawane maswali.

Mwongozo wa usahihishaji uandikwe siku ileile swali linapotungwa. Mgawanyo uliozoeleka wa insha ya alama 15 ni alama moja na nusu kwa utangulizi, mbili kwa kila hoja kati ya sita, na moja na nusu kwa hitimisho. Ningependa zile mbili za hoja zivunjwe wazi: nusu kwa kuitaja, moja kwa kuieleza, nusu kwa mfano wa kweli wenye mahali au tarehe. Kisha msahihishaji ajaze safu tatu katika daftari lake, kutaja, kueleza na mfano, kwa kila mwanafunzi. Kazi hiyo huongeza sekunde chache kwa kila insha. Ikiisha, mwalimu anaona kwa jicho moja kwamba kwa mfano darasa lake limechukua karibu alama zote za kutaja, nusu ya za kueleza, na chache mno za mifano. Amejua vipindi vyake 20 ni vya nini. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani hutoa kwa kila somo, zimekuwa zikirudia kasoro zinazofanana: kutoelewa matakwa ya swali, maarifa haba ya mada, na udhaifu wa lugha. Zinapatikana bure, na bado zipo shule ambazo hazijazifungua.

Suala la lugha lina uzito wa pekee. Historia na Jiografia za sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto anayeeleza kwa ufasaha kwa Kiswahili sababu za kuanguka kwa mradi wa karanga wa Kongwa hukwama anapotakiwa kuandika jambo hilohilo kwenye karatasi. Walimu wa idara wakubaliane mapema kwamba hoja inayoeleweka inapata alama hata kama sarufi imevunjika. Halafu, katika andalio la somo, itengwe nafasi ya kufundisha sentensi ambazo somo lenyewe linazihitaji: namna ya kuunganisha sababu na tokeo, namna ya kukubali upande mmoja wa hoja na kuupinga mwingine. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Historia, kwa sababu mwalimu wa Kiingereza hatajua ni sentensi zipi zinazokosekana.

Sasa karatasi zimesahihishwa. Siku zinaporudishwa ndiyo siku ya thamani kuliko zote, na mara nyingi hutumika kusoma majina na alama kwa sauti. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, nchini Israeli, aligawa wanafunzi katika makundi: baadhi walirudishiwa kazi zenye alama tupu, wengine zenye maoni tupu, wengine zenye vyote viwili. Waliopata maoni tupu ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye kazi iliyofuata. Waliopata alama na maoni kwa pamoja hawakuwazidi wale wa alama tupu. Macho ya mtoto yakiiona 28, hayasomi tena kilichoandikwa pembeni.

Kwa hiyo nawashauri walimu warudishe insha ya moko ikiwa na maoni mafupi bila alama. Kipindi cha kwanza, kila mmoja achague hoja yake moja iliyotajwa bila kuelezwa na aiandike upya. Kipindi cha pili, wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa kutumia mwongozo wa mtihani wenyewe, ili kwa mara ya kwanza waone alama zinatoka wapi. Alama zitolewe kipindi cha tatu. Watalalamika, wazazi pia watapiga simu. Mkuu wa shule aliyeelezwa mapema atasimama na mwalimu wake. Vipindi vinavyofuata vifuate zile safu tatu: ikiwa mifano ndiyo iliyokosekana, darasa litafute mifano, na mingine ipo karibu nao. Mtoto wa Nachingwea anaishi kwenye ardhi ya mradi wa karanga wa 1947, wa Songea kwenye ardhi ya Majimaji, wa Tanga amezungukwa na mkonge.

Kwa mzazi, jambo moja kuhusu madaraja. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Moko hutumia mipaka hiyohiyo, lakini ugumu wa karatasi hutofautiana kutoka mkoa hadi mkoa na mwaka hadi mwaka, na walimu wawili waangalifu wakisahihisha insha moja wanaweza kupishana alama mbili. Kati ya mtoto wa 29 na wa 31 hakuna tofauti ambayo moko inaweza kuithibitisha. Ukienda shuleni, omba uonyeshwe karatasi yenyewe, na uulize ni kasoro ipi itashughulikiwa wiki ijayo.

Hayo yote yanapata uzito mpya kwa sababu ya mtaala ulioanza Januari 2024. Chini yake wanafunzi wa kidato cha kwanza husoma Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima linalofundishwa kwa Kiswahili, na kundi la kwanza liko njiani kuelekea kidato cha nne. Halitakuwa na rundo la mitihani ya kidato cha nne ya miaka iliyopita ambalo mtunzi wa moko huchota maswali yake akabadilisha namba tu. Maswali itabidi yatungwe upya kutoka kwenye muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Naiona hiyo kama nafasi adimu. Kikwazo cha Kiingereza kimeondoka, na maadili hayawezi kupimwa kwa kutaja fasili ya uadilifu. Yanahitaji tukio, uamuzi wa mtu halisi katika historia yetu, na mtahiniwa aupime.

Walimu wa somo hilo katika kata moja wanaweza kuanza muhula huu. Kila mmoja atunge maswali mawili kwa mada anayofundisha sasa, pamoja na mwongozo wake, ayajaribu darasani, kisha apeleke kwa wenzake yakiwa na maelezo manne: yanapima umahiri upi, wangapi wa juu na wangapi wa chini waliyapata, jibu gani lisilo sahihi lilivutia wengi, na neno gani wanafunzi waliomba kufafanuliwa. Shule tano zenye mwalimu mmojammoja, zikikutana mara moja kwa mwezi kwa miezi tisa, zitakuwa na maswali 90 yaliyojaribiwa kabla kundi la kwanza halijakalia moko yake.